Sum

Karani Dulmaa anagonga mhuri
kwenye cheti cha mtoto. Gobi, asubuhi ya barafu.
Mahali pa kuzaliwa: sum,
yaani wilaya,
kwa lugha ya Kimongolia.
Sum vilevile ni mshale.

Babu yake, mzee Luvsan, alidai
wilaya ni watu waliotoka podo moja.
Alichonga uti kwa mti mweupe wa kaskazini,
akafunga manyoya ya tai kwa kano,
chembe akaiacha mwisho:
“Ukiitia mapema, mkono hupata tamaa.”

Kakake Dulmaa alirudishwa kutoka mpakani
na sum ubavuni.
Risasi nayo huitwa hivyo hivyo.
Neno halikuona haja ya kubadili nguo.

Baba kijana, Erdenetsogt, anasubiri,
kofia ya manyoya mkononi,
theluji ikimyeyukia viatuni.
Wino haujakauka.
Dulmaa anakipuliza cheti polepole,
kama anayepoza chai ya maziwa.

“Haya,” anasema, “mwanao ametoka podoni.”
Kisha, cheti bado kimo vidoleni mwake:
“Msimwelekeze kwa mtu.”