Robo ya Jani

Nimepiga magoti tena, mstari wa tatu kutoka ukingoni,
goti lile lile bovu.
Mwisho wa Mei, kaskazini ya Yorkton,
juu udongo ni unga, unyevu umejificha chini,
na kanola yangu ina majani mawili tu,
mawili, kama masikio ya panya mchanga.

Na hao wamekuja.
Weusi, wadogo, wanang'aa,
utadhani mbegu nilizozika zimeota miguu
zikarudi kuwatafuna ndugu zao.
Nyoosha kidole: hayupo.
Huruka kama jibu la mtoto mtundu,
kabla swali halijaisha.

Kaylene, bibi shamba wetu, alinichorea kwenye karatasi ya risiti:
jani likiliwa robo, washa mashine.
Likiliwa nusu, umechelewa.
Sawa. Lakini nani aliyewahi kuliwa robo kwa mkasi?
Wametoboa hapa, wametoboa pale,
jani limekuwa chujio la chai,
nami nimefumba jicho moja najumlisha matundu
juu ya kitu kisichozidi ukucha wangu wa mwisho.
Mmea wa kwanza, kumi kwa mia.
Wa pili, thelathini.
Wa tatu sijui.
Wa nne hauna hata kovu,
umesimama kama mgeni asiyejua kwamba nyumba hii ina msiba.

Dawa iliyopakwa kwenye mbegu, ile ya buluu,
niliilipia Januari, theluji ikiwa dirishani.
Nguvu yake ni wiki tatu.
Leo siku ya kumi na tisa,
na baridi ya majira haya imeifanya mimea kuwa mizembe.

Bohdan yupo kwenye banda la mashine, anachezea funguo.
"Mama, Wendell alipulizia jana."
Najua. Harufu yake ilivuka barabara ya changarawe
ikakaa kwenye shuka nilizoanika.
Ngoja ngoja huumiza matumbo.
Haraka haraka haina baraka.
Aliyetunga methali alizitunga zote mbili
akaenda zake bila kusema ipi ni ya Jumanne.

Mwaka wa harusi ya Larysa nilingoja siku moja,
moja tu, tulicheza ngoma hadi alfajiri.
Tuliporudi shamba lilikuwa ubao uliofutwa.
Tukapanda upya Juni, tukavuna barafu.
Mwaka uliofuata sikungoja.
Nikapulizia kila ekari, usiku mvua ikanyesha,
mvua ambayo ingewafukuza bure,
na asubuhi, juu ya ua la njano la magugu,
nyuki mnene wa manyoya, chali, mguu mmoja ukitikisika.
Sikumwambia mtu. Nilimfunika kwa udongo
kama aliyevunja kikombe cha wenyewe.

Saa nane upepo wa kusini unavua kofia.
Leo haiwezekani hata nikitaka,
na nakiri: nimeushukuru.
Nachomeka vijiti kumi vya meno kando ya mimea kumi,
vichwa vyake nimevipaka rangi ya kucha, nyekundu,
ili jioni nisijidanganye.

Jioni narudi. Jua bado liko juu, huku halina haraka ya kulala.
Katikati ya majani yaliyotobolewa
kuna kitu kimekunjwa, kijani, chembamba kama kope.
Jani la kweli.
Mimea minne inalo.
Sita haina.
Minne kwa sita: hiyo si habari njema, si tanzia.

"Vipi?" Bohdan ananiuliza kabla sijavua buti.
"Jaza tangi maji. Dawa usifungue."
"Maji matupu?"
"Matupu. Saa kumi na moja alfajiri nitahesabu tena.
Upepo ukilala, na vile vijiti vikisema hivyo,
tutapulizia ukingo wa kusini peke yake, wanakoingilia."
"Na visiposema?"

Namtazama, mrefu kuliko mlango, vumbi hadi kwenye nyusi.
"Tutaosha lori."