Hatua Hamsini

Nje ya Ibra, wadi imekauka.
Suud amebandika karatasi kwenye boksi la tende,
nami nimelala kifudifudi juu ya zulia kuukuu,
kitako begani: bunduki ya marehemu baba.

Suud anataka tufunge darubini.
Ameiona Ruwi, riali arubaini, ina nukta nyekundu.
Nikamwambia, huu ushanga wa shaba mdomoni mwa mtutu unatosha.
Hatupigi marisau leo; ni risasi moja,
nene kama ncha ya kidole gumba,
haina haja ya kuona mbali kuliko inakofika.

Hatua ishirini: juu, vidole viwili.
Hatua mia: chini, vumbi, jiwe likalia.
Hamsini: katikati. Tena. Na ya tatu
ikaingia tundu la pili
kama mtu aliyerudi kuchukua ufunguo.

Kumbe hapa ndipo alipoiweka.

Miaka kumi na mmoja alikuwa Kuwait, kwenye mabomba,
na barua zake za Kiswahili, mwandiko wa kulala,
kila moja ilitupata kifuani.
Aliporudi, mkeka mmoja, sahani moja,
maneno yake yakatupita juu ya vichwa.
Tukasema kabadilika. Mama akasema, mwacheni.

Suud anaokota maganda, yangali moto.
Anauliza: tuisogeze karatasi?
Bega linauma. Nakwenda hadi kwenye boksi,
nagusa tundu,
kisha narudi kinyumenyume, nikihesabu upya.