Alama Thelathini na Moja

Wamaitha ameleta simu kikaoni,
ameilaza mezani kati ya sahani ya mandazi na daftari langu,
jalada la buluu lililolowa mafuta miaka kumi na minane.
Anasema, Mama Hazina, tumechoka kubishana.
Hii itatuamulia.
Haina shangazi, haina kabila, haina kinyongo na mtu.

Sikatai. Nimeiona ikijumlisha riba ya wanachama ishirini
kabla sijapata miwani yangu.
Imenikosoa mwezi wa Machi, ikanikosoa Juni,
na mara zote mbili ilisema kweli.

Bosibori anataka elfu kumi na nne,
mashine ya kufuma sweta. Shule zinafunguliwa
na baridi ya Nakuru haingoji mtu apate mtaji.
Simu ikampima kwa sekunde nne.
Inajua anachaji mara ngapi kwa siku,
inajua analala saa ngapi, anampigia nani na nani hapokei,
inajua mwaka juzi alibadilisha laini.
Ikampa thelathini na moja kwa mia.
Pole, ikaandika. Hustahili kwa sasa.
Na kweli ilisema pole. Mimi huwa nasahau.

Sasa nilete ushahidi gani?
Niseme alikopa kwangu kikombe cha sukari
akakirudisha pomoni, ikamwagika mlangoni,
siafu wakala mpaka Jumatano?
Niseme ile Januari, Kaptembwo ikinuka matairi,
wanangu watatu walilala chini ya kitanda chake siku nne,
akapika uji bila kugonga mwiko sufuriani,
na walipobisha kuuliza nani yumo
akajibu kwa sauti ya mtu aliyekatiziwa usingizi: ni mimi tu?
Hilo halimo kwenye simu.
Halimo hata kwenye daftari.
Hatukuliandika, si mimi si yeye.
Kuna mambo mtaa huyaacha bila wino
ili kesho watu wachote maji kwenye bomba moja.

Nikasema, mpeni. Mdhamini ni mimi.
Wamaitha akauliza, kwenye sababu niandike nini?
Andika: namjua.
Simu ikakataa. Ilitaka tarakimu.

Sitawadanganya. Hakulipa.
Mwezi wa kwanza alileta nusu, wa pili robo,
wa tatu mashine ikaungua waya na mwanawe akalazwa.
Thelathini na moja ilikuwa thelathini na moja.
Niliuza tangi langu la maji, lile jeusi la lita elfu,
na mvua za Aprili zikaja, nikazisikia usiku
zikijiendea mtaroni bila mwenyewe.
Kukopa harusi, kulipa matanga, wanasema;
hawasemi matanga ya mdhamini huwaje.

Lakini wadeni nawajua.
Huzima simu. Hupitia njia ya nyuma ya kanisa.
Bosibori alikuja, saa kumi na mbili asubuhi,
akasimama mlangoni, hakukaa, hakulia,
akanitazama usoni akasema: sina.

Jamani, neno hilo ni zito.
Nimewahi kulibeba hadi kwa watu wengine.
Anayelisema hajui aweke wapi mikono.
Na sijui kama nililipokea vizuri:
nilikasirika, nikamtukana kidogo,
kisha nikamwongezea maziwa kwenye chai.
Hiyo nayo itafutieni alama.

Amelipa elfu tatu tangu hapo, na sweta moja,
mkono wa kulia mrefu kuliko wa kushoto.
Naivaa kikaoni, nimeukunja.
Jina lake liko wazi daftarini, sijalifunga.
Kila Jumapili ya kwanza nalisoma kwa sauti
kama ninavyosoma ya wengine,
naye, kutoka kiti cha karibu na mlango,
huitika: nipo.