Vipimo vya Gauni

Mama yangu alikuwa na maziwa mawili:
la kulia alimpa Khvaramze, binti mfalme,
la kushoto likabaki langu.
Nikiulizwa ukoo, hadi leo,
nasema ninaye ndugu wa ziwa,
na sitaki kuulizwa zaidi.

Ngome yetu iling'ang'ania mlima wa Kaukazi
kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.
Mfalme alikuwa mfalme kweli, taji analo,
ila paa lilivuja juu ya kitanda chake
naye aliwajua mbuzi wake wote kwa majina.

Khvaramze alifundishwa kusoma na padri mwenye kikohozi.
Usiku alishuka jikoni, akamwaga unga mezani,
akanichorea herufi kwa kidole:
hii ina tumbo kama Padri,
hii imeinama, inaokota kuni.
Kulipokucha mama alizikanda zote
tukazila na jibini.

Mwaka aliotimiza kumi na mmoja
wakaja wajumbe kutoka bondeni,
nyumbu tisa, na mshoni mwenye kamba ya mafundo.
Amani imepatikana, walisema wakubwa.
Hawakusema kwa bei gani.
Mshoni ndiye aliyetaka hesabu:
dhiraa ngapi begani, shibiri ngapi kiunoni.

Khvaramze hakuonekana.
Nilijua alipo: ghalani,
ndani ya mtungi wa mvinyo uliozikwa hadi shingoni,
mtupu tangu mavuno yaliyopigwa na mvua ya mawe.
Amejikunyata humo anatafuna jozi,
panya mwenye nasaba.

Malkia akanitazama mimi.
"Huyu," akasema. "Wanalingana."
Nikapandishwa kigodani. Kamba ikanizunguka.
Mshoni alinukia vitunguu.
"Binti mfalme, nyoosha mgongo," akasema,
nami nikaunyoosha,
na Mungu anisamehe, niliupenda mgongo ule.

Lakini hatukulingana.
Mimi nilikuwa nimeanza kurefuka, yeye bado.
Vidole vinne tu,
na nani angesimama mbele ya Malkia
kuvitaja?

Siku ya safari gauni lilimmeza.
Pindo la hariri likaburuzika kwenye tope la theluji,
mikono ikamfunika hadi kucha.
Wajumbe walidhani ni haya.
Juu ya nyumbu akageuka, akainua mkono wa kulia,
na ncha ya hariri ikanipungia, haina kiganja ndani.
Akacheka. Akacheka hadi darajani.
Ng'ambo ya daraja sikusikia kitu,
mto ule una kelele.

Miaka mitatu.
Padri alikufa, na Malkia. Mafuriko yakabeba daraja.
Kisha mchuuzi wa chumvi akavua kofia yake,
akachomoa katika bitana kipande cha ngozi
kilichokunjwa mara sita.
Herufi zile zile, zenye matumbo, zinazookota kuni:

*Marekhi, gauni sasa linanitosha.
Usiku nikilivua nalitundika ukutani
linasimama vile ulivyosimama wewe.
Hapa hakuna anayenyoosha mgongo bila kuamriwa.*

Nilisoma kwa sauti, polepole,
kidole changu kikifuata kila tumbo.
Mama, mikono kwenye unga, akauliza imeandikwa nini.
Nikamwambia:
bei ya chumvi imepanda.