Parafujo ya Pili

Ndani ya mtoto wa meza, ubavuni mwa muhuri wa chuo,
imo parafujo isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho.
Pacha wake yuko Zohali.
"Mwakio," aliniambia siku ya kwanza,
"vingine vyote tupa. Hii usiiguse."

Mimi ni tarishi. Nimewaona wakuu watatu kabla yake:
mmoja alipenda mazulia, mmoja alipenda jina lake,
wa tatu sikumjua, hakuwa akija.
Profesa Shufaa alikuja na mkoba mmoja na viatu vya mpira,
binti ya Bwanamaka fundi saa, wa Kibokoni,
aliyefunzwa kushika kibano kabla ya kijiko.

Miaka kumi na tisa alikaa ughaibuni
akikisemesha chombo kilichokwenda kuzunguka Zohali.
Ukikiuliza u hali gani, husema,
jibu litakufikia kabla saa tatu hazijatimia.
Barua yetu ya Wizarani, ya mabomba ya hosteli,
tuliipeleka Rajabu.
Mfunguo tatu hii.

Wanafunzi walipogoma, ndoo tupu zikilia langoni,
mkuu wa polisi akauliza alete askari wangapi.
Yeye akaomba ngazi.
Akapanda tangi hapo Tudor, buibui kalikunja kiunoni,
akatumbukiza ufito, akatazama ulipolowa,
akashuka, akapiga hesabu kwa chaki ukutani, mbele ya kadamnasi:
lita tulizolipia, lita zilizofika.
Nambari ya mwisho akaipigia mstari mara mbili.
Bwana wa ununuzi akakumbuka ana mgonjwa Voi.

Sisemi mambo yalinyooka.
Maji huja Jumanne, na siku nyingine Mungu akipenda.
Wahadhiri wa muda bado wanamdai, nami namdai likizo.
Wako wasemao, mtu wa nyota atajua nini habari za karo?
Usiku mmoja nilimkuta taa kaizima,
parafujo kiganjani, hasemi.
Nikaurudisha mlango polepole.

Kisha Alhamisi moja, tukiipitia orodha ya mahafali,
simu ikalia. Saa tisa kamili.
Akasikiza. Akasema "ahsanteni", akaiweka.
"Kimenyamaza."
Nikaitazama saa ya ukutani, ile ya babake.
"Sasa hivi?"
"Habari ndiyo iliyofika sasa hivi.
Chenyewe kilikufa saa saba na dakika arobaini."

Saa saba na dakika arobaini!
Tulikuwa papa hapa, tukila viazi vya karai,
yeye akinicheka ukwaju kidevuni.

Nikangoja alie, au anitume nje.
Akaivuta orodha.
"Huyu ni Mbodze. Wameandika Mboze.
Mamake atakaa juani tangu asubuhi
alisikie jina hili mara moja tu."

Nikaitia ile d.