Akidi

Kazi yangu ni kuandika kinachosemwa.
Naandika (Makofi). Naandika (Vicheko).
Mheshimiwa akikohoa, naacha.
Akitukana, nasubiri iamuliwe kama alitukana.
Miaka kumi na minne katika chumba cha kamati,
dirisha likitazama Barabara ya Harambee,
sijawahi kuandika kimya.

Julai hii ya baridi wameletewa bahasha:
makreti mia nne na kumi, yaende kwa rafiki.
Sheria inasema, mkipinga, semeni ndani ya siku thelathini.
Msiposema, mmekubali.
Niliposoma kifungu hicho nilimwona dada yangu Mwanatumu,
kajifunika kanga mpaka magotini,
shekhe anauliza mara moja, mara mbili, mara tatu,
na wanawake wakajibu: kanyamaza, karidhi.
Alikuwa analia.
Kilio hakikuingia katika hati.

Siku ya tisa akaja ofisa wa wizara, Bwana Lemayian,
suti ya kijivu, sauti ya mtu anayeuza magodoro.
Hakusema bunduki. Alisema vifaa.
Hakusema risasi. Alisema mahitaji yanayoambatana.
Mheshimiwa Nafuna akavua miwani.
"Hivi vifaa, vikishafika, vinalala wapi?"
"Kwa rafiki yetu, Mheshimiwa."
"Na rafiki yetu analala wapi? Na nani?"
(Vicheko.)
Jibu likaahidiwa kwa maandishi.
Maandishi yako njiani hadi leo,
nadhani yanatembea kwa miguu.

Jumamosi nilipita Eastleigh kwa fundi Elisha,
aliyekuja Nairobi akikimbia kwa huyo rafiki.
Ananipima mabega, pini mdomoni.
Sikumwambia lolote; kiapo ni kiapo.
Ni yeye aliyeuliza, kama mtu anayeuliza bei ya vifungo:
"Shika kwa uangalifu, maana yake hasa ni nini?"
Nikamweleza.
Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mkono wa shati lake.
Ndiyo maneno ya kwanza ya Kiswahili aliyoyasoma, akasema,
ubavuni mwa kreti tupu nyuma ya shule yao.
Waliligeuza dawati.
Miaka miwili aliandikia juu yake
akidhani ni sala.

Siku ya ishirini na tisa.
Akidi ni saba. Kerubo amepanga vikombe saba,
viti sita vina watu.
Mwenyekiti anatazama saa, anatazama mlango.
Wa saba yuko kwenye ushoroba, tunamsikia akicheka na simu.
Mlango uko wazi kiasi cha kiganja;
naona kiatu chake, cheusi, kimepigwa rangi leo,
kinakaribia kizingiti,
kinasimama,
kinarudi.
"Ingia, Mheshimiwa," Nafuna akaita, "ingia hata kama ni kutushinda!"
Kiatu kikageuka.
Nikahesabu hatua zake mpaka kwenye lifti. Kumi na moja.

Bila akidi hakuna kikao.
Bila kikao hakuna pingamizi.
Bila pingamizi, basi,
kanyamaza.

Chai ikashika utando.
Kerubo akakusanya vikombe. Cha saba kilikuwa safi,
akakiosha hata hivyo, akakifuta mara mbili,
akakirudisha kabatini kikiangalia ukuta.

Nilibaki na mashine yangu na taa moja.
Kanuni zinaniruhusu niandike: Kikao kiliahirishwa kwa kukosa akidi.
Nikaandika.
Halafu chini yake, kwa mabano yale yale ya makofi,
nikaandika (Kimya).

Mutuku mhariri atalifuta asubuhi.
Ni kazi yake, na ana watoto watatu shuleni.
Nimelipigia mstari
ili asihangaike kulitafuta.