Zabibu Haiulizwi

Chupa sita zilifika Mbezi alfajiri ya Jumanne
katika boksi la mafuta ya alizeti,
zimeviringishwa magazeti na kipande cha khanga kuukuu.
Juu yake, kwa kalamu ya wino mzito:
BI LEOKADIA MHAGAMA, TABATA KIMANGA.
TARATIBU, ZINAVUNJIKA.

Hazikuvunjika. Zilizuiwa.

Karani wa vifurushi alinipigia, kijana mwenye adabu:
"Mama, mzigo wako upo, ila haupo."

Nilimkuta mkaguzi kwenye kiti cha plastiki,
chupa moja mapajani,
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.
Alitafuta stempu kwenye kizibo.
Alitafuta jina la kiwanda.
Akaishia kwenye mwandiko wa Ndahani:
Hombolo, shamba la bondeni, mwaka wa mvua haba.

Mvinyo wa nani huu?
Wa Ndahani Chilewa, mwenye mizabibu mia mbili na mbwa mmoja.
Leseni ya kutengeneza?
Anayo. Nikafungua picha kwenye simu.
Ya kuuza palepale shambani?
Anayo.
Ya kumpelekea mtu nyumbani kwake, mkoa mwingine?
Hapo simu ikazima taa yake yenyewe.

Akanieleza, wala hakunifokea.
Ndahani amuuzie wa jumla,
wa jumla amuuzie msambazaji,
msambazaji amfikishie mwenye duka,
mwenye duka aniuzie mimi.
Mikono minne, na kila mkono una kinywa.
Au nipande basi mwenyewe niende Hombolo,
ninywe kwa Ndahani hadi niimbe nyimbo za kipaimara,
sheria itanishikia mkoba.
Ila chupa isinifuate nyumbani.

Nikasema: mume wangu Kastori alikuwa bwana shamba kule.
Ndiye aliyemfundisha baba yake Ndahani kupogoa.
Keshokutwa tunatimiza miaka arobaini ya ndoa,
na magoti yake hayafiki hata kituoni.

Mkaguzi akaitazama chupa kwa muda.
"Sheria sikuiandika mimi, mama.
Ila shangazi yangu alikunywa kitu cha kwenye dumu,
kilicholetewa mlangoni, bei nafuu, bila jina.
Tangu Pasaka ile anapapasa kuta."

Nilikuwa na maneno mengi. Nikayameza.

Ndipo nikaliona, kwenye benchi lile lile,
limeshuka kwenye basi lile lile,
boksi la zabibu mbichi, linachuruzika pembeni.
Dada mmoja akaweka sahihi, akajitwika, akaenda zake.
Hakuna aliyemuuliza ana leseni gani ya utamu.

Kumbe tunda ni mwananchi,
linakwenda litakako.
Likikaa kimya siku kadhaa gizani,
likianza kuwaza,
ndipo linapotakiwa vitambulisho.

Ndahani alicheka kwenye simu, cheko la mtu aliyepata hasara.
Hakusema kitu.
Wiki mbili baadaye karani akanipigia:
"Mama, mzigo upo. Na safari hii upo kweli."

Kilo ishirini. Hakuna barua,
ila majani matatu ya mzabibu juu,
yamepangwa kama vidole.

Sasa kuna ndoo nyeupe nyuma ya mlango wa chumba,
imefunikwa ile khanga kuukuu.
Joto la Tabata halina subira kama baridi ya Hombolo;
usiku ndoo inanong'ona, inapiga kwikwi, inanyamaza.

Namuuliza Kastori: ni usiku wa ngapi?
Saa ngapi hasa, tone lipi,
hiki kinaacha kuwa zabibu na kuwa kosa?

Usiku wa kwanza aliinamia mkongojo, akatega sikio.
"Bado tunda," akasema.
Usiku wa tatu: "Bado."

Jana, wa sita, alikaa pale kitambo kirefu,
shavu kwenye mfuniko, macho amefumba.
Nikadhani amesinzia.

Kisha akasema polepole,
kama bwana shamba anayesoma kipimo:
"Leokadia, funga mlango."